Kutoka SGR hadi Rongai na Kitengela: wabadilishie wapi pale Syokimau?

Kisauni_kwetu
Hamjambo wadau. Wageni watatu wanapanda SGR (treni ya reli mpya ya kwenda Nairobi) Mombasa Ijumaa, ile ya moja kwa moja ya saa tisa alasiri. Wawili wanakwenda Rongai, na mmoja wao ni mama mzee anayetembea kwa mkongojo. Wa tatu anakwenda Kitengela. Wana mabegi matatu makubwa na ndoo ya maembe. Kwenye ramani naona stesheni ya Syokimau na Nairobi Terminus: ni kitu kimoja? Treni ndogo ya kuingia mjini Nairobi inawangoja? Na huyu wa Kitengela ni lazima afike mjini kwanza?

reli_mbili
Ni stesheni mbili tofauti, na hapo ndipo watu wengi hupotezana. Ya Syokimau ilifunguliwa Novemba 2012 kwa ajili ya treni za mjini. Nairobi Terminus ilikuja na SGR mwaka 2017. Mgeni akimwambia mwenye teksi "niko stesheni ya Syokimau", teksi inaweza kumngoja kule na yeye anangoja huku. Waseme "SGR", basi.

Kubadilisha treni hakuepukiki kwa sababu reli zenyewe hazilingani. SGR ina upana wa milimita 1,435, ile ya zamani inayoingia mjini ni 1,000. Behewa la Mombasa haliwezi kabisa kukanyaga reli ya mjini. Treni ndogo ina jukwaa lake kando ya jengo kubwa, na imepangiwa saa za kuwapokea wanaotoka Mombasa. Hupita Imara Daima na Makadara, ikaishia Nairobi Central. Nauli yake hailipwi ndani ya tiketi ya SGR, kwa hiyo wawe na pesa kwenye M-Pesa na noti ndogo ndogo pia.

Shida ni umati. Watu mia kadhaa wanashuka kwa mkupuo, na wengi wanaelekea mlango uleule. Mama asisimame kabla treni haijatulia. Aliye naye angoje naye kitini mpaka njia ya katikati iwe wazi. Huyo wa Kitengela, hata kama hapandi treni ndogo, atangulie na begi moja jepesi akawakatie tiketi. Wakitoka wote watatu pamoja polepole, watakuta viti vimekwisha na mama atasimama hadi mjini.

Nairobi Central wakishatoka nje, steji ya Railways iko hapohapo mbele, upande wa Haile Selassie. Waulize matatu namba 125 au 126, na konda awaambie kabla hawajapanda kama gari linaishia Rongai au linaendelea Kiserian. Matatu ndogo hazina nafasi ya mabegi makubwa. Afadhali walipie kiti kimoja cha mizigo kuliko kuyapakata, na wapatane bei ya hicho kiti begi likiwa bado mkononi mwao. Makanga akishalitia ndani, bei ni yake.

NamangaRoad
Wa Kitengela kwenda mjini ni kurudi nyuma. Magari ya Kitengela (namba 110) hutoka mjini kwa Mombasa Road, yanapita Syokimau na Mlolongo, halafu Athi River yanaingia barabara ya Namanga. Lakini kusimama Mombasa Road usiku na begi kubwa sikushauri hata kidogo.

Ushauri wangu: apande treni ya saa nyingine. Ile ya saa mbili asubuhi kutoka Mombasa husimama njiani: Mariakani, Miasenyi, Voi, Mtito Andei, Kibwezi, Emali na Athi River. Akate tiketi ya Athi River, si ya Nairobi. Atashuka mchana kweupe, karibu zaidi na Kitengela, bila kuiona jam ya mjini. Ile ya saa tisa haisimami Athi River.

bypass_kusini
Nakubali yote ya reli_mbili, isipokuwa la mama. Hiyo safari inampandisha na kumshusha mara tatu, tena usiku. Watu wawili na mabegi wachukue teksi pale SGR: Mombasa Road, kisha Southern Bypass kando ya mbuga hadi Lang'ata, halafu Magadi Road. Mjini hawaingii. Waite gari wakiwa wameshafika maegesho. Ukiliita ungali ndani ya treni, dereva anachoka kungoja anaghairi. Wakague namba ya gari kabla ya kupakia. Na dereva akitaka kupita Expressway, waulize mapema ada ya barabara inalipwa na nani.

Kisauni_kwetu
Ahsanteni sana. Basi wote wapande ya asubuhi: mmoja Athi River, wawili waendelee hadi Terminus wachukue teksi. Kuna la kuangalia pale Mombasa kabla ya kupanda?

reli_mbili
Sawa kabisa. Wafike saa kumi na mbili na nusu. Tiketi ya simu (*639#) bado huchapishwa stesheni, na jina na namba ya kitambulisho vilingane, kwa hiyo kila mtu awe na chake mkononi, si ndani ya begi. Mabegi hupangwa chini kwa mstari mbwa wayanuse, kisha yanapita kwenye mashine.

Ile ndoo ya maembe msiizungushie utepe wa gundi, maana wakitaka kuona ndani mtaifungua upya na foleni iko nyuma yenu. Mfuniko ufungwe kwa kamba ya fundo jepesi. Na kisu cha kumenyea kibaki nyumbani, kitazuiwa mlangoni.