Mrejesho: Mbao za AK yangu zimekubali sheleki

Wakuu, niliuliza jinsi ya kuzipa mbao za WASR-10 yangu (bunduki ya Kiromania ya mtindo wa AK) ule wekundu wa AK za Kisovieti, na kama hapa Texas naruhusiwa kubadilisha kitako. Asanteni sana kwa majibu.

Aliyeniambia niachane na vanishi ya kawaida alinena kweli. Nilihakikisha bunduki haina risasi, nikafungua mbao, nikapiga msasa laini, kisha nikapaka sheleki (utomvu wa wadudu wa kung'arishia mbao) ya rangi ya kaharabu iliyoyeyushwa kwa spiriti, nikaongeza rangi nyekundu kidogo. Mkono wa kwanza ulitoka kama chai ya rangi iliyopauka. Nikarudia na kurudia, nyuzi za mbao zikaanza kuwaka. Inapendeza mno! Ila hukauka upesi, na haipendi joto, hivyo mbao za karibu na mtutu nazichunga.

Kuhusu sheria, kinachobana ni kifungu cha sheria ya shirikisho la Marekani, 922(r), kuhusu bunduki zinazoundwa kwa sehemu za kutoka nje ya nchi: kati ya sehemu 20 za bunduki zilizoorodheshwa, zinazotoka nje zisizidi 10. Kitako kimo. Nikitaka kingine, nitanunua kilichotengenezwa Marekani.