Said, Saidi na mafao ya marehemu baba: nimezungushwa miezi minne, naomba ushauri

Mjukuu wa Pangani
Wakuu, shikamooni wakubwa zangu. Naomba ushauri kabla sijamkosea mtu adabu dirishani.

Baba alifariki mwaka jana, Mungu amrehemu. Alifanya kazi kwenye mkonge tangu ujana wake na michango alikuwa akikatwa kila mwezi. Mahakama ya Mwanzo imeniteua msimamizi wa mirathi, nafuatilia mafao kwa ajili ya mama. Karatasi zote ninazo. Shida ni kwamba kadi yake ya uanachama inasomeka SAIDI ATHUMANI, cheti cha kifo SAID ATHUMAN, kitambulisho cha taifa SAIDI ATHUMAN. Kila karani aliandika alivyosikia, na mzee hakuwa mtu wa kubishana na karani.

Afisa akaniambia, "Hawa ni watu watatu." Nikacheka nikidhani utani. Hakucheka.

Nikaapa kwa wakili. Nikarudi: kiapo kina majina mawili, la tatu halimo. Nikaapa tena. Nikarudi: muhuri wa wakili haujagusa picha. Nikarudi tena: barua ya mtendaji imepita miezi mitatu, lete mpya. Imepitaje kama si kwa kuzungushwa na yeye mwenyewe? Na juzi mlinzi kamzuia mama getini kwa sababu kavaa kandambili. Mama miguu inavimba, kiatu kingine hakimwingii.

Niende kwa bosi wake, au ndiyo nitaliharibu kabisa faili la mama?

Chausiku79
Pole sana mdogo wangu. Mimi nilirudishwa kwa sababu ya kalamu. Nilijaza fomu kwa wino wa bluu, nikaambiwa wanapokea mweusi tu. Kwenye fomu hakuna palipoandikwa hivyo. Nikajaza upya nimesimama, na mzee aliyekuwa nyuma yangu kapita na bluu yake kama kawaida! Siku hizi mkobani kwangu kuna kalamu mbili.

Fundi Mnyonge
Mkuu, mkono mtupu haulambwi. Tia elfu kumi ndani ya faili uone kama Said na Saidi hawatakuwa mtu mmoja.

Karani Mstaafu
Mjukuu, huyo wa elfu kumi asikuponze. Sheria ya rushwa ya 2007 inamkamata anayetoa sawasawa na anayepokea. Ukimpelekea bahasha afisa mwenye msimamo, yeye ndiye atakayepiga 113 TAKUKURU waje wakubebe wewe. Na kwa unavyomweleza, huyu hatafuti chai. Anaogopa.

Nimekaa dirishani miaka 26. Mkaguzi akija haulizi wajane wangapi wamelia. Anafungua faili, anaona jina la kwenye kadi halifanani na la kwenye cheti cha kifo, anaandika hoja ya ukaguzi, na aliyesaini malipo ndiye wa kuijibu. Bosi aliyesema kwa mdomo "mpitishe tu" siku hiyo hakumbuki kitu. Ongeza na wanaokuja na vyeti vya kughushi kudai mafao ya watu wasiowajua. Kwa hiyo kudai kiapo hajakosea. Alipokosea ni kukupa masharti kwa mafungu, leo moja, kesho jingine. Hapo hana pa kujificha.

Apa upya, kiapo kimoja, kitaje kila namna jina lilivyoandikwa, herufi kwa herufi, na kila moja limetoka kwenye hati ipi, namba ngapi. Usikubali wakili akuandikie "na majina mengine yanayofanana". Wakikutajia hati ya kubadili jina, kataa kwa upole. Hiyo ni ya aliye hai, marehemu habadili jina. Tazama pia jina la mama kwenye cheti cha ndoa, nina wasiwasi nalo.

Kisha andika barua kwa mkuu wa ofisi. Fupi. Tarehe ulizokwenda, ulichoambiwa kila tarehe, na ombi la kupewa kwa maandishi orodha kamili ya vinavyopungua. Neno la hasira lisiwemo hata moja. Toa nakala mbili, peleka masjala, si dirishani, yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Kelele tumezizoea sisi. Barua yenye muhuri wa masjala ndiyo inayotunyima usingizi, kwa sababu lazima ijibiwe.

Fundi Mnyonge
Mzee umeniumbua hadharani. Nakubali.

Binti Chumbageni
Kuhusu kandambili: mtafutie mama ndala za wazi zenye mkanda wa nyuma. Miguu itapumua, na walinzi wengi huangalia huo mkanda tu.

Mjukuu wa Pangani
MREJESHO. Karani Mstaafu, Mungu akuzidishie umri. Cheti cha ndoa cha mama kinasema MWANAHAWA, kitambulisho chake MWANA HAWA, kuna nafasi katikati. Ningerudishwa kwa nafasi! Yote tumeyaingiza kwenye kiapo.

Barua iligongwa muhuri masjala Jumatatu. Alhamisi nikapigiwa simu na afisa yuleyule, sauti ya upole kabisa: "Bwana Saidi, njoo na mama." Mama kavaa ndala za mkanda, getini tumepita salama. Afisa akakisoma kiapo mpaka mstari wa mwisho, akakigeuza, akatazama nyuma. Halafu akaniuliza mbona kitambulisho changu kinasema SAIDI na saini yangu inaishia Said, bila i.

Kabla sijafungua mdomo mama akamjibu: "Hiyo i baba yake kaondoka nayo."

Akacheka, wallahi nimemwona akicheka. Akagonga muhuri.

Sasa tumeambiwa tusubiri ujumbe wa simu. Waliopitia hili, ulichukua muda gani kuingia?