Utabiri wa upepo mkali kaskazini mwa Ulaya: tufuate namba ipi?

Muulizaji

Habari zenu wanajukwaa. Ninafuatilia taarifa za dhoruba za majira ya baridi huko Norway, Sweden na Iceland, na kuna jambo ambalo bado halijanielea. Utabiri unaweza kutaja upepo wa mita 20 kwa sekunde, kisha dhoruba ikishapita magazeti yanaandika kwamba ulifika mita 33, ilhali mkazi wa eneo hilohilo aliyefunga kipimaupepo kwenye paa la nyumba yake anaonyesha mita 12 tu. Je, kuna aliyekosea, au kila mmoja anapima kitu chake? Na ikiwa wataalamu wana setilaiti na kompyuta zenye uwezo mkubwa, kwa nini baadhi ya dhoruba za huko hutangazwa saa chache tu kabla hazijafika?

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu muulizaji, namba zote tatu zinaweza kuwa sahihi kwa wakati mmoja. Kwa kanuni za Shirika la Hali ya Hewa Duniani, kasi ya upepo hupimwa mita 10 juu ya ardhi iliyo wazi, na kinachoandikwa ni wastani wa dakika 10. Mita 20 za utabiri kwa kawaida ni wastani huo. Magazeti hutaja mvumo wa ghafla, yaani wastani wa sekunde 3 tu ulio mkubwa kuliko yote katika kipindi kilichopimwa. Baharini, ambako hakuna kitu cha kuutibua upepo, viwili hivi havitofautiani sana; nchi kavu, hasa pale upepo unapoporomoka kutoka milimani kama ilivyo katika sehemu nyingi za Iceland, mvumo wa ghafla unaweza kuzidi wastani kwa nusu yake, na pengine zaidi.

Kipimo cha paani nacho hakidanganyi, ila kinasimulia habari za paa lile pekee, kwa kuwa nyumba yenyewe huupinda upepo, na miti na majengo ya jirani huupunguzia kasi. Kinafaa kulinganisha siku moja na nyingine mahali palepale, lakini hakifai kusahihisha kituo rasmi.

Kuna tatizo jingine la nchi za baridi ambalo naliona halitajwi vya kutosha, nalo ni barafu. Vipimaupepo vya vikombe, ambavyo asili yake ni kazi ya Thomas Romney Robinson wa Ireland katika miaka ya 1840, huzunguka polepole vinapogandiwa na ukungu wa baridi kali, na wakati mwingine husimama kabisa, hata msomaji asiye makini akaamini kwamba hewa imetulia katikati ya dhoruba. Ndiyo maana vituo vingi vya kaskazini hutumia vipimo visivyo na sehemu inayozunguka. Hivi hupima muda ambao mawimbi ya sauti hutumia kusafiri kati ya vihisio vinavyopashwa joto kwa umeme: sauti inayofuatana na upepo huwahi, na inayokwenda kinyume nao huchelewa.

Mchangiaji wa pili

Nijibu lile la saa chache. Dhoruba za kaskazini si za aina moja. Zile kubwa huzaliwa kwenye mpaka kati ya hewa baridi ya ncha ya dunia na hewa vuguvugu ya Atlantiki, mfumo ambao mtaalamu wa hali ya hewa Jacob Bjerknes aliueleza mwaka 1919 akiwa Bergen, Norway, nazo huonekana siku kadhaa kabla. Ugumu wake ni kwamba baadhi huimarika kwa kasi ya kutisha: katika latitudo ya 60, mgandamizo wa hewa kwenye kitovu ukishuka kwa hektopaskali 24 ndani ya saa 24, wataalamu huhesabu hilo kuwa mlipuko. Kwa vile upepo mkali zaidi mara nyingi huwa kusini mwa kitovu, njia ya dhoruba ikihama kilomita 100 tu, watakaopigwa ni watu wengine kabisa. Kwa sababu hiyo kituo cha Ulaya cha utabiri wa muda wa kati huendesha tabiri 51 zinazoanza na hali zinazotofautiana kidogo, na mtabiri hutazama zimetawanyika kiasi gani kabla ya kusema lolote kwa uhakika.

Zinazochelewa kutangazwa ni zile ndogo za Bahari ya Norway na ya Barents. Hewa iliyotoka juu ya barafu hupita juu ya maji yasiyoganda, ikafyonza joto na mvuke, na kimbunga chenye upana wa kilomita mia chache hujengeka na kufa ndani ya siku moja au mbili, mahali penye vituo vichache mno. Modeli, yaani programu za kompyuta zinazokokotoa hali ya hewa, zinazogawa eneo katika miraba ya kilomita 2.5 zimesaidia sana, lakini haziwezi kuanza vema bila vipimo vya kutosha.

Mchangiaji wa tatu

Naongeza kwamba kasi peke yake haitoshi kutabiri madhara. Dhoruba Gudrun ya Januari 2005 ilivuma hadi mita 42 kwa sekunde katika kisiwa cha Hanö, na iliangusha takriban mita za ujazo milioni 75 za miti kusini mwa Sweden, pia kwa sababu udongo haukuwa umeganda na mizizi haikushikiliwa. Kwa namba ya kufuata, ndugu, inategemea kazi yako. Mwenye paa au lori refu atazame mvumo wa ghafla, kwani nguvu ya upepo huongezeka kwa kipeo cha pili cha kasi: kutoka mita 20 hadi 30, msukumo unazidi maradufu. Nahodha atazame kwanza wastani na muda utakaodumu, kwa maana hivyo ndivyo vinavyokuza mawimbi.