Naomba ushauri: lafudhi za Kiingereza kwenye IELTS zinanitesa

Habari wakuu. Mimi ni muuguzi, najiandaa na IELTS, ule mtihani wa kimataifa wa kupima Kiingereza. Kusoma na kuandika sina shida, tatizo ni kusikiliza. Maswali 40, sauti inachezwa mara moja tu, na wasemaji wana lafudhi za kila kona: Uingereza, Marekani, Australia, hadi New Zealand.

Masikio yangu yamezoea Kiingereza cha hapa Bongo, kila herufi inasikika. Mwingereza wa kusini "car" anaitamka "kaa", r imemezwa. Kwa Mmarekani "water" inakuja kama "wora". Hao angalau nimeanza kuwazoea. Anayeniacha hoi ni Mwaustralia: "eight" yake naisikia "ait", basi akianza kutaja namba za simu nimekwisha.

Kuna wanaoniambia nishike lafudhi moja hadi niive, wengine wanasema nichanganye zote. Naona kuchanganya ndiko kunaendana na mtihani, ila kunachosha mno. Mliofaulu, mlifanyaje? Na kwenye kuzungumza, lafudhi yangu ya Kibongo itanipunguzia alama, au mradi naeleweka? Kuiga Wamarekani siwezi, nitachekesha tu.