Pampu mpya, plagi mpya, nozo zimeoshwa, na kumbe ni relei, kiswichi tu cha umeme! Mafundi wa Nakuru mtatumaliza

Wakuu, niacheni nitoe hasira kwanza, ushauri mtanipa baadaye.

Alhamisi asubuhi, Lanet, baridi ile yetu mnaijua. Watoto wameshaingia garini na mabegi. Corolla yangu ni AE100 ya 1994, injini 5A, na jana yake jioni nimetoka nayo Njoro bila hata kukohoa. Napiga starta, injini inazunguka kwa nguvu, haishiki. Mara ya pili vilevile. Betri iko sawa, starta iko sawa. Watoto wakapanda boda.

Nikaita fundi. Hata boneti hajafungua, ananiambia, "Hiyo ni pampu ya petroli, mkubwa." Umejuaje, ndugu yangu? Hukutoa kifuniko cha tangi utege sikio usikie kama inanguruma mtu akipiga starta. Geji ya presha hana (injini hii inataka kama psi 38 hadi 44, na hilo unalijua kwa kupima, si kwa kuangalia sura ya mwenye gari). Nikatoa 4,500. Halikuwaka.

"Basi ni plagi." 1,600. "Basi nozo zimeziba." 2,000 za kuosha hivyo vinyunyizi vya petroli. Siku ya tatu hiyo, na nauli ya matatu inaenda.

Sasa sikilizeni kinachoniuma. Alipotoa plagi za zamani nilishika moja mkononi. Kavu! Imetoka kwenye injini iliyopigwa starta zaidi ya mara kumi, lakini haina unyevu wala harufu ya petroli. Hapo gari lenyewe linakuambia mafuta hayafiki. Yeye akaifuta kwa shati, akaitupa, akaniuzia mpya.

Alipoishiwa na vipuri akageukia petroli. Eti nimeuziwa iliyochanganywa na mafuta ya taa. Nusura nimwamini, maana mchezo huo upo, ndiyo sababu tangu 2018 kila lita ya mafuta ya taa inatozwa shilingi 18 zaidi. Lakini petroli chafu ingefika kwenye silinda plagi zingelowa, na gari lingekohoa kohoa na kutoa moshi. Langu halikukohoa hata mara moja.

Usiku nikampigia mjomba wangu Kisumu, dereva mstaafu. Akaniuliza maswali mawili tu, kisha: "Mjomba, fungua boneti. Kuna kiboksi kimeandikwa DIAGNOSIS. Tafuta tundu la FP na la +B, yaunganishe kwa kipande cha waya. Washa swichi ya ufunguo, lakini starta usiguse. Na usikosee tundu!"

Nikafanya hivyo kwa tochi ya simu. Chini ya kiti cha nyuma nikasikia nguuuu. Pampu inafanya kazi! Nikapiga starta, likashika papo hapo, jirani akachungulia dirishani.

Waya ule ulipeleka umeme kwenye pampu bila kupitia relei. Kwa hiyo pampu ilikuwa hailetewi umeme. Relei yake, ile iliyo chini ya dashibodi, ndiyo imekufa. Nimenunua iliyotumika kwa shilingi 800, na tangu jana gari linawaka kwa mguso mmoja. Kipimo chenyewe hakikuchukua hata dakika kumi, na waya nilikata kwenye chaja mbovu ya simu.

Sasa nauliza. Kama tatizo lilikuwa relei, ile pampu iliyotolewa ilikuwa na kosa gani? Ilikuja na gari kutoka Japani, na nimewekewa hii ya kwenye boksi lisilo na hata jina. Nimempigia fundi leo, ananiambia aliitupa. Fundi wa Nakuru atupe pampu ya asili? Nani anamdanganya nani?

Kesho saa mbili asubuhi niko pale gereji, na pampu yangu nitaitaka mkononi.