KCSE ni moja, klasta ni moja, lakini maabara si moja. Mpaka lini?

Wanajamvi, leo nimekuja na hasira na naomba mnisikilize mpaka mwisho.

Nina saiba, duka la kompyuta na intaneti, hapa Mathare, Nairobi, kando ya barabara ya Juja. Kila mwaka KUCCPS, shirika linalowapanga wanafunzi vyuoni, wakifungua maombi, vijana waliofanya KCSE, mtihani wa mwisho wa kidato cha nne, hujaa hapa kuanzia asubuhi. Nawajazia fomu, nawachapishia barua, nawaona wakihesabu pointi zao kwa kidole kwenye skrini. Kwa hiyo nikisema watoto wa mtaa huu wanaonewa, sijasoma gazetini.

Chukua darasa la KCSE 2024. Aprili ya mwaka huo mto uliingia ndani ya nyumba za watu. Mei matingatinga yakaja kubomoa yaliyobaki, eti wako ndani ya mita 30 kutoka mtoni. Shule zikafunguliwa tarehe 13 Mei. Kuna watahiniwa hapa walirudi darasani bila kitabu hata kimoja, wengine hawajui jioni watalala kwa nani. Novemba wakafanya mtihani uleule, saa ileile, na mwenzao aliyerudi bwenini na sanduku limejaa. Januari matokeo yakatoka: kati ya watahiniwa 962,512, waliopata C+ kwenda juu, yaani waliofikisha gredi ya kuingia chuo kikuu, walikuwa 246,391. Hotuba zikatolewa, waliopata A wakabebwa juu juu mbele ya kamera. Nani aliuliza mtahiniwa wa Mathare alisomea wapi kati ya Mei na Novemba?

Binti wa jirani yangu alikuwa kwenye darasa hilo, shule ya kutwa. Alitaka uuguzi, digrii, tangu akiwa mdogo. Akapata B-. Kwa nyumba isiyo na stima ya kuaminika na mama anayeuza mboga mpaka saa tatu usiku, hiyo B- ni kazi kubwa mno. Lakini kemia alipata C, na uuguzi unataka C+ ya kemia. Mlango ukafungwa hapo hapo, mbele yangu, kwenye kompyuta yangu.

Sasa nieleze hiyo C ilitoka wapi. Karatasi ya tatu ya kemia, ile ya maabara, ina alama 40 kati ya 100. Shuleni kwao maabara ni darasa la kawaida lenye sinki moja isiyo na maji. Bureti, ile mirija ya kioo ya kupimia asidi, zilikuwa nne, moja ina ufa. Kidato cha tatu chote walisimama nyuma wakamtazama mwalimu akitonesha asidi, wakaandika matokeo aliyoyapata yeye. Mara ya kwanza binti huyu kushika bureti peke yake ilikuwa kwenye mtihani wa majaribio, miezi michache kabla ya KCSE. Aliniambia mkono ulikuwa unatetemeka mpaka akapitisha kipimo. Mwenzake wa shule ya kitaifa, zile kubwa zinazochukua wanafunzi nchi nzima, amefanya zoezi hilo tangu kidato cha kwanza hadi amelichoka. Halafu mnakuja kuniambia alama 40 hizo zimepima akili?

Tuliambiwa mambo yamerekebishwa mwaka 2023, kwamba gredi sasa inahesabiwa kwa hisabati, lugha moja na masomo matano uliyofanya vizuri zaidi. Sawa, na kweli waliofikisha C+ waliongezeka. Lakini klasta, yaani masomo ambayo kila kozi ya chuo kikuu inayadai, haikuguswa. Udaktari, uuguzi, famasia, uhandisi, zote bado zinadai kemia, pamoja na biolojia au fizikia. Pointi za klasta zinachukua masomo manne, kiwango cha juu pointi 48, zikachanganywa na zile 84 za masomo saba, basi mnapangwa foleni moja nchi nzima. Hakuna mahali kwenye hesabu hiyo pa kuandika kwamba shule yako haikuwa na mwalimu wa fizikia mwaka mzima. Kozi zenye ushindani zinaenda kwa nani? Sisi tunajua. KUCCPS wanajua zaidi, kwa sababu shule ya kila mwombaji wanayo kwenye rekodi zao.

Atatokea mtu hapa aniambie fulani alitoka Kibera akapata A. Nampongeza huyo fulani kwa moyo wangu wote. Kila Januari runinga humpata mmoja, wakamhoji na mamake analia, na sisi wengine tunaambiwa tumeona kwamba inawezekana. Huyo mmoja anatumika kuwanyamazisha mamia, na hilo linaniuma kuliko hata matokeo yenyewe.

Haya, tuseme umepata nafasi. Kwanza umelipa shilingi 1,500 za maombi, ambazo hapa nimeona zikichangwa na plot nzima. Kuna anayekuja bila karatasi ya matokeo kwa sababu shule imeishikilia mpaka salio la karo liishe, ingawa mawaziri wamesema tena na tena kwamba hilo haliruhusiwi. Ukivuka hapo unakutana na bendi, yale makundi ya mapato yanayoamua serikali itakusaidia kiasi gani cha karo ya chuo kikuu. Bendi ya kwanza, yenye msaada mkubwa zaidi, ilitengewa familia yenye mapato yasiyozidi shilingi 5,995 kwa mwezi. Jamani, hapa ni Nairobi! Mama anayefua nguo Eastleigh anaweza kupata zaidi ya hapo. Lakini chumba cha mabati analipia, maji ananunua kwa mtungi, choo analipia. Kwenye karatasi anaonekana ana nafuu kuliko mwenye shamba na ng'ombe mahali ambapo halipi kodi ya nyumba. Desemba 2024 Mahakama Kuu ikasema mfumo huo unakiuka katiba, mwaka uliofuata Mahakama ya Rufaa ikausimamisha uamuzi, na vijana wakabaki katikati wasijue walie na nani.

Na huku chini hata ile ruzuku ya shilingi 22,244 kwa mwanafunzi wa sekondari, Waziri wa Fedha mwaka 2025 alikiri mbele ya wabunge kwamba serikali haiwezi kuitoa yote. Shule ya kitaifa ikipungukiwa ina wazazi wa kuchangia. Ya kutwa ya mtaani inapunguza kemikali.

Ninachotaka kinajulikana. KUCCPS watangaze kila mwaka waliopata udaktari, sheria na uhandisi walitoka shule za aina gani: kitaifa, kaunti, kutwa, binafsi. Hali ya shule iingie kwenye hesabu ya klasta, maana wanaozingatia jinsia na ulemavu hawashindwi na hili. Hizo 1,500 ziondolewe kwa aliyesoma kutwa. Na shule isisajiliwe kuwa kituo cha mtihani wa kemia kama haina maabara yenye maji.

Walimu wa shule za kutwa za Kasarani, Embakasi, Kamukunji na Starehe mlio humu, andikeni hapa chini shule yenu ina bureti ngapi na wanafunzi wangapi wa kemia. Msitaje jina la shule kama mnaogopa, tajeni eneo tu. Wazazi, semeni mtoto aliomba kozi gani na akapangiwa gani. Nitayachapisha yote niyapeleke ofisini kwa mbunge wetu kabla usajili wa KCSE ya mwaka huu haujafungwa, na anayetaka kwenda nami aseme.