Darasa la mwanangu halina hewa na choo kinamtisha: nianzie wapi kulalamika?

Mama Nuru, Morogoro

Ndugu zangu, naomba ushauri wa wazazi wenzangu, na hasa wa walimu. Mwanangu wa miaka 4 anasoma chekechea katika kituo cha binafsi kilichokuwa nyumba ya kuishi. Darasa lao ndilo lililokuwa sebule. Dirisha moja limezibwa kwa mbao kwa sababu linatazama barabarani, na lililobaki haliwatoshi watoto wanaokaribia 50, ambao wote wako chini ya mwalimu mmoja. Wengi hukaa juu ya mkeka uliolowa pembeni, kwa kuwa ndoo ya kunawia mikono imewekwa mlangoni na maji yake hutiririkia ndani.

Kilichonishtua zaidi ni chupa ya maji. Mtoto alikuwa akiirudisha nyumbani imejaa vilevile nilivyoijaza asubuhi, na nilipomdadisi akaniambia kwamba hanywi makusudi ili asishikwe na haja, kwa maana choo chao kina giza na tundu kubwa, naye anaogopa kutumbukia.

Nataka kusema, lakini nachelea mwanangu asije akachukiwa darasani, nami nikaitwa mzazi mkorofi, na ada nimekwisha kuilipa hadi mwisho wa muhula. Nianzie kwa nani?

Baba Zawadi

Dada, kwanza jua kituo hicho kimesajiliwa kama nini, kwa sababu mabango yetu hayasaidii; siku hizi kila nyumba yenye bembea mbili inaitwa shule. Ikiwa ni darasa la awali ndani ya shule iliyosajiliwa na Wizara ya Elimu, wanaohusika ni wathibiti ubora wa shule wa wilaya, wale tuliozoea kuwaita wakaguzi. Ikiwa ni kituo cha kulelea watoto wadogo mchana, ambacho kinatambuliwa na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, shughuli hiyo iko upande wa ustawi wa jamii, na maafisa wake wapo katika halmashauri yako. Wazazi wengi huzungushwa kwa sababu tu wamebisha hodi mlango usiohusika.

Hata hivyo, usianzie huko. Mwandikie mwenye kituo barua fupi, nakala mbili, na nakala yako isainiwe kwamba imepokelewa pamoja na tarehe. Malalamiko ya mdomo pale getini huishia kwenye salamu.

Mwalimu wa Awali

Nafundisha darasa la awali, na ombi langu ni kwamba usimkabili mwalimu mbele ya watoto asubuhi unapomleta mwanao. Si yeye aliyeziba dirisha, wala si yeye aliyeandikisha watoto 50 wakati kiwango kinachotakiwa nchini kwa elimu ya awali ni mwalimu mmoja kwa watoto 25. Huenda amekwisha kulisema hilo ofisini akanyamazishwa, na barua ya wazazi ikampa pa kusimamia.

Katika barua, tenganisha yanayowezekana wiki hii na yanayohitaji fedha. Kuzibua dirisha, kuitoa ndoo nje na kuanika mkeka ni kazi ya mchana mmoja. Choo kinaweza kuanza kwa kuwekewa taa, poti za watoto na mtu mzima wa kuwasindikiza, wakati tundu dogo la kudumu linajengwa. Kuongeza mwalimu na kuligawa darasa kutachukua muda, basi hilo waombeni tarehe. Habari ya chupa iandike kama ulivyoieleza hapa, bila kuipamba, na uongeze kwamba mtoto anayejinyima maji na kubana haja anaweza kufunga choo au kupata maambukizi ya njia ya mkojo.

Kuhusu kuchukiwa, tafuta wazazi wengine wasaini pamoja nawe, ili barua isiwe ya mama wa mtoto fulani.

Mzazi wa Mbeya

Mimi siafiki subira nyingi. Ningekuwa na pa kumpeleka, ningemhamisha. Shule za serikali hazitozi ada ya awali tangu 2016, ingawa kwa umri wake huenda ukaambiwa asubiri, na usishangae ukikuta darasa lililofurika kuliko hilo. Ukienda kutazama kituo kingine, omba kuonyeshwa choo kabla ya picha za ukutani.

Wapo watakaokushawishi upige picha uzirushe kwenye kundi la WhatsApp. Piga, lakini za dirisha, mkeka na choo tu, kisha uziambatanishe na barua. Sura za watoto wa wenzio zikisambaa, utageuka wewe kuwa mwenye kesi.

Mama Nuru, Morogoro

Nawashukuru sana. Tulisaini wazazi kadhaa, na mwenye kituo, ingawa alitupokea kwa ubaridi, aliipokea barua na kuisaini. Dirisha limezibuliwa na ndoo iko nje. Mwalimu hakusema kitu, ila siku ile tulipotoka ofisini alinishika mkono kwa nguvu kidogo. Tatizo ni choo: tumeambiwa tusubiri likizo, na kuhusu usajili tumejibiwa kwamba cheti kiko kwa mhasibu. Je, tusubiri?

Baba Zawadi

Likizo ya mwezi gani? Mwombeni aandike tarehe chini ya barua ileile na kuisaini. Suala la choo halihitaji kungoja cheti kipatikane, kwa kuwa ukaguzi wa usafi wa vyoo ni sehemu ya kazi ya afisa afya wa kata, mpelekeeni nakala. Habari ya cheti ulizieni ustawi wa jamii na ofisi ya wathibiti ubora, maana upande mmojawapo unapaswa kuwa na kumbukumbu zake. Kwa sasa ombeni watoto waruhusiwe kutumia poti, hata kama itabidi mzinunue wenyewe, ili mwanao aanze kunywa maji yake.